Mwanya wa Nusu Milimita: Kifuniko cha Chujio la Hewa na Vumbi la Mtwara

Wakati wa kiangazi, gari litokalo mjini Mtwara na kushika njia za udongo kuelekea Msimbati, au Kilambo karibu na mto Ruvuma, huacha nyuma yake wingu la vumbi. Gari linalolifuata hulivuta wingu hilo, na kiasi kinachovutwa si kidogo. Injini ya petroli yenye ujazo wa lita 2 na mapigo manne hujaza silinda zake mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, na silinda zikajaa kwa asilimia 80 tu, huvuta lita 2400 za hewa kila dakika.

Madereva wengi huogopa zaidi mchanga wa ufukweni. Hofu hiyo haikukosewa kabisa, lakini punje za mchanga ni nzito na huanguka upesi. Adui mkubwa ni vumbi laini lenye upana wa maikrometa 5 hadi 20, yaani jembamba kuliko unywele, ambalo huelea hewani hata baada ya gari kupita. Punje za ukubwa huo huingia katika utando wa oili uliopo baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Nyingi ni za kwazi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs ina 7, hali chuma laini huwa kati ya 4 na 5. Ringi husagika, injini hula oili na kupoteza nguvu, na hatimaye gari hulazwa gereji. Kijijini, huenda gari hilo ndilo lililotegemewa kuwafikisha wagonjwa hospitalini.

Chujio la karatasi hulizuia vumbi hilo vizuri, ila kwa sharti moja: hewa yote ipite ndani yake. Katika magari mengi ukingo wa mpira wa chujio hubanwa baina ya kasha na kifuniko. Kifuniko basi ndicho kibano chenyewe. Kikivunjika, mara nyingi hununuliwa kingine kisichotoka kwa mtengenezaji wa gari. Baadhi ya vifuniko hivyo hufaa kabisa; vingine huwa vya plastiki nyembamba inayopinda kwa joto la injini, au mfereji wake haulingani na mpira wa chujio. Hapo hubaki mwanya.

Je, mwanya mdogo una madhara gani? Tuseme una urefu wa milimita 100 na upana wa nusu milimita, na tofauti ya kanieneo kati ya pande mbili za chujio ni Paskali 1000. Kwa kanuni ya Bernoulli, mara mbili ya tofauti hiyo hugawanywa kwa densiti ya hewa, kilogramu 1.2 kwa meta ya ujazo, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Jibu ni kasi ya meta 41 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa mkondo hujibana mwanyani, eneo linalofanya kazi huchukuliwa kuwa 0.6 ya eneo halisi. Hewa ipitayo hapo huwa takriban lita 74 kwa dakika, yaani asilimia 3 ya hewa yote. Chujio linalonasa asilimia 99 ya vumbi hupitisha asilimia 1. Pamoja na mwanya huo, vumbi liingialo injini hufikia asilimia 4. Limeongezeka mara nne! Tena chujio likiziba na tofauti ya kanieneo ikawa mara nne, kasi ya mwanyani huongezeka mara mbili.

Mwanya hutafutwa kwa chaki ya darasani. Ukingo wa kifuniko hupakwa chaki, kifuniko hufungwa, kisha hufunguliwa. Mahali ambapo mpira haukupata alama ndipo pasipogusana. Michirizi ya vumbi katika upande safi wa kasha nayo huonyesha njia ya hewa.

Kabla ya kuziba, vibano vikaguliwe, kwani chumvi ya hewa ya bahari huvila kutu vikalegea. Kifuniko kilichopinda sana kirudishwe dukani. Kukikaza zaidi hukipinda zaidi. Mwanya mdogo huzibwa kwa ukanda wa mpira wa povu usiopitisha hewa, mnene kidogo kuliko mwanya, ubandikwe juu ya plastiki iliyosafishwa na kukauka. Gundi ya silikoni pia hutumika, lakini ile yenye harufu ya siki hula metali, na mvuke wa baadhi ya silikoni huharibu kihisi cha oksijeni katika bomba la moshi. Kwa hiyo kifuniko kitolewe garini, gundi ipakwe mferejini, ukingo wa pili ufunikwe kwa karatasi ya nailoni usigande, na kazi iachwe siku nzima ikauke. Vipande vinavyoning'inia vikatwe, maana injini huweza kuvivuta. Kisha chaki hupakwa tena.