Mkoba wa Kurutu: Kinachoingia Kambini na Kinachobaki Nyumbani

Kijana wa Cheptais anapochaguliwa kujiunga na Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), mkoba wake hupakiwa na ukoo mzima. Mama huleta blanketi, shangazi huleta mafuta ya kujipaka, kaka huongeza chaja ya simu, naye nyanya hushusha ukutani picha ya familia iliyotundikwa tangu zamani. Siku ya kuripoti inapofika, sehemu kubwa ya vitu hivyo huwa haina nafasi kambini.

Usajili na mafunzo ya wanajeshi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa kupitia Wizara ya Ulinzi, si ya Kaunti ya Bungoma. Hata hivyo, madhara ya maandalizi mabaya hubaki vijijini mwetu: vyeti vilivyopotea, mikopo ya simu iliyolimbikizana, na pesa zilizoliwa na matapeli. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaeleza kile ambacho kurutu anaweza kubeba, picha za familia zihifadhiwe vipi, na mambo yapi yapangwe nyumbani kabla ya safari.

Kabla ya kupakia, hakikisha barua ni ya kweli

Makurutu wa KDF hupata mafunzo ya msingi katika shule ya makurutu iliyoko Moi Barracks, Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu. Nafasi hutangazwa magazetini na katika tovuti ya Wizara ya Ulinzi, mod.go.ke. Usajili hufanyika hadharani, haulipiwi hata shilingi moja, na anayefaulu hupewa barua ya mwito na maafisa wa usajili wenyewe.

Katika miaka tofauti, vijana kutoka pembe mbalimbali za nchi wamefika Eldoret wakiwa na barua bandia walizouziwa, wakakamatwa langoni. Wengine walikuwa wamesindikizwa na wazazi waliouza ng'ombe au kukodisha shamba ili kupata pesa hizo. Tapeli hupokea pesa na kutoweka. Anayejibu mashtaka ni kijana aliyeshika karatasi. Barua iliyoletwa na "mtu wa ndani", iliyotumwa kwa WhatsApp au iliyolipiwa kwa M-Pesa si barua ya mwito. Ukiombwa hongo, ripoti kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).

Langoni, raia anaanza kuwa askari

Barua ya mwito huambatana na maagizo ya kuripoti, ikiwemo orodha ya vitu na stakabadhi zinazohitajika. Orodha hiyo ndiyo ya kufuatwa. Binamu aliyepitia Eldoret miaka kumi iliyopita anaweza kutoa ushauri mwema, lakini maagizo hubadilika. Kisichotajwa kwenye orodha, heri kibaki nyumbani.

Karibu kila jeshi duniani hupokea makurutu kwa njia inayofanana. Mizigo hukaguliwa. Nguo za kiraia huwekwa kando na sare huvaliwa. Nywele hunyolewa au kufupishwa. Kila mmoja hupewa kitanda na mahali padogo pa kuweka vitu vyake, na vitu hivyo hupangwa kwa namna moja ili mkufunzi akipita aone mara moja kilichozidi au kilichopungua.

Lengo si kumdhalilisha mtu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima wa viazi huanza sawa, bila viatu vya bei au saa ya kung'aa kuwatofautisha. Vitu vichache pia hupunguza wizi na ugomvi pale watu wengi wanapolala chumba kimoja. Aidha, kurutu anafunzwa kutunza kidogo alichonacho, kwa sababu kazini atabeba mgongoni kila anachokihitaji.

Simu ya mkononi ndiyo inayowaumiza wengi. Kurutu hakai na simu yake wakati wa mafunzo, na sababu kubwa ni usalama. Simu ina kamera, ina kinasa sauti, na inaweza kuonyesha mahali ilipo. Picha moja iliyopigwa bwenini inaweza kuonyesha lango, ghala au ratiba iliyobandikwa ukutani. Mafunzo huchukua takriban miezi sita, na familia inapaswa kujiandaa kwa ukimya huo.

Ukimya si dalili ya mkasa. Ukipigiwa simu na mtu anayedai kuwa mwanao ni mgonjwa kambini na anahitaji pesa za haraka, usitume. Nenda kwanza kwa chifu au kituo cha polisi ili ukweli uthibitishwe.

Picha ya familia: iwe ndogo, na ichapishwe

Zamani askari alibeba picha mfukoni. Siku hizi picha zote zimo ndani ya simu, na simu inapobaki nyumbani, nyuso za nyumbani hubaki nayo. Vijana wengi hulitambua jambo hili wakiwa wamechelewa.

Suluhisho ni rahisi. Kabla ya siku ya kuripoti, chagua picha moja au mbili za familia uende studio uzichapishe kwenye karatasi. Ziwe ndogo za kutosha kukaa ndani ya Biblia, Kurani au bahasha ya stakabadhi. Usibebe fremu ya kioo wala albamu. Nyuma ya kila picha andika mwaka na majina ya waliomo, kwa kalamu isiyofutika.

Kama maagizo hayaruhusu picha, au mkufunzi akiagiza iwekwe kando, kurutu atii bila mabishano. Kwa hiyo usibebe kamwe nakala ya pekee. Picha ya babu ambayo haina nyingine duniani haifai kusafiri kwa matatu kupitia Sirisia, Chwele, Bungoma na Webuye hadi Eldoret. Ipigwe upya au iskaniwe, nakala isafiri, asili ibaki ukutani.

Wakazi wa Cheptais wanaijua thamani ya tahadhari hii. Wakati wa machafuko ya Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008, hadi operesheni ya jeshi iliyoitwa Okoa Maisha iliyoanza Machi 2008, familia nyingi zilikimbia makwao na nyumba zikachomwa. Walioanza maisha upya walilazimika kutafuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule. Karatasi hizo huweza kuombwa tena serikalini. Picha haiombwi popote. Kuna familia ambazo jamaa zao walitoweka wakati huo, na uso wao umebaki katika picha moja ya pasipoti au nakala ya kitambulisho. Kwa nyumba za namna hiyo, kijana anapovaa sare ya jeshi si jambo jepesi, na kuhifadhi picha si anasa.

Kinachobaki nyumbani ndicho kinachohitaji mpango

Mkoba wa kurutu hupakiwa kwa saa moja. Mambo anayoyaacha nyuma yanahitaji wiki nzima, na hapa ndipo familia nyingi hukosea.

Anza na stakabadhi. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na cheti cha kuhitimu shule vitakwenda na kijana kama maagizo yanavyotaka. Kabla havijaondoka, toa nakala za kila kimoja, uziweke kwenye bahasha ya plastiki mahali pakavu pasipofikiwa na panya. Mtu mmoja mwaminifu ajue zilipo. Cheti kikipotea njiani, nakala hiyo ndiyo yenye nambari ambazo polisi, Huduma Centre au Baraza la Mitihani (KNEC) watauliza.

Hakikisha pia kwamba majina yanafanana. Si ajabu mtu kuwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa na nyingine kwenye kitambulisho, au jina la ubatizo lililoachwa katika cheti kimoja. Tofauti ya herufi moja inaweza kuzua maswali makubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa jamaa wa karibu ambaye kurutu ataandika kwenye fomu zake. Jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, si jina analoitwa kijijini. Askari akifariki au kuumia, jina hilo ndilo litakalotumika kumtafuta anayestahili kuarifiwa, na herufi isiyolingana inaweza kuchelewesha haki ya mjane au mzazi.

Kuhusu simu, kijana alipe mikopo yake kabla ya kuondoka. Fuliza, M-Shwari na mikopo ya programu za simu haisubiri mtu afuzu. Deni dogo lililosahaulika kwa miezi sita linaweza kuongezeka na kumfikisha katika orodha ya wasiolipa madeni kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu nayo inaweza kufungwa na nambari kupewa mtu mwingine. Familia inaweza kuitunza laini hiyo, lakini nambari ya siri ya M-Pesa au ya kadi ya benki asipewe mtu yeyote, awe ndugu au mchumba.

Kama kijana ana mali, iwe kipande cha shamba, ng'ombe au pikipiki ya bodaboda, makubaliano ya nani ataitunza na mapato yataenda wapi yaandikwe mbele ya mashahidi. Migogoro mingi inayofika kwa wazee huanza na neno "tulielewana".

Baada ya kufuzu, sare si vazi la kupigia picha

Siku ya gwaride la kufuzu ni siku ya furaha, na familia ina haki ya kujivunia mtoto wake. Hata hivyo, picha za sare zina mipaka yake.

Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi bila idhini. Ni kosa la jinai. Askari anaporudi likizo ya Krismasi na mdogo wake akavaa bereti na jaketi la kombati ili apigwe picha, kosa linaweza kuwaangukia wote wawili. Vilevile, kupiga picha kambini au katika eneo la kijeshi bila ruhusa ni marufuku.

Mitandaoni hatari ni kubwa zaidi. Tangu Oktoba 2011, KDF imekuwa ikipambana na al-Shabaab nchini Somalia. Ukichapisha picha ya askari pamoja na jina lake, kikosi chake na kijiji anakotoka, umempa adui habari ambazo angezitafuta kwa gharama. Matapeli nao huchukua picha hizo, hufungua akaunti bandia na kuahidi vijana nafasi za kazi. Uso wa mwanao unaweza kutumiwa kumwibia jirani yako.

Kuna jambo zito zaidi. Januari 2016, baada ya shambulio dhidi ya kambi ya KDF huko El Adde, picha za wanajeshi waliouawa zilisambaa mitandaoni, na serikali ikaonya dhidi ya kuzisambaza. Familia ya askari haipaswi kupata habari za mtoto wao kupitia kikundi cha WhatsApp. Ukipokea picha ya namna hiyo, isiishe kwako kwa kuipeleka kwingine. Ifute.

Muhtasari kwa familia

• Thibitisha kwamba barua ya mwito ilitolewa na maafisa wa usajili. Usilipe chochote.
• Fuata orodha ya maagizo ya kuripoti. Kisichotajwa, kiache.
• Toa nakala za stakabadhi zote na uzihifadhi pakavu.
• Linganisha majina kwenye kitambulisho na vyeti, ya kurutu na ya jamaa wa karibu.
• Lipa mikopo ya simu, panga utunzaji wa laini, na ulinde nambari za siri.
• Andika makubaliano kuhusu mali mbele ya mashahidi.
• Chapisha picha moja au mbili ndogo za familia. Ya asili ibaki nyumbani.
• Usichapishe mitandaoni picha ya askari akiwa na sare, jina na kikosi.

Maagizo haya yanawafaa pia vijana wanaojiunga na Polisi huko Kiganjo, Magereza huko Ruiru au NYS huko Gilgil, ingawa kila idara ina orodha yake ya vitu.

Aliyepoteza kitambulisho au cheti aanze kwa kupata abstrakti katika kituo cha polisi kilicho karibu, kisha afike Huduma Centre ya Bungoma kwa maelekezo. Asingoje tangazo la usajili litoke ndipo aanze kukimbizana na karatasi, kwa maana usajili hufanyika siku moja tu katika kila kituo, na asiye na stakabadhi hurudishwa nyumbani hata kama ndiye aliyekimbia mbele ya wote.