AC ya gari haitoi baridi? Usikimbilie kujaza gesi

Jua la Dar es Salaam linachoma, foleni haisogei, na AC inapuliza joto. Wengi hukimbilia kwa fundi kujaza gesi, halafu baada ya wiki chache tatizo linarudi.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua sana, ujue kuna mahali inavuja.

Kabla hujatoa hela, angalia haya:

1. Upepo ni mdogo? Huenda filta ya AC imejaa vumbi. Kwenye magari mengi iko nyuma ya kiboksi cha dashibodi.

2. Baridi ipo ukiwa kwenye mwendo, kwenye foleni inapotea? Shuku feni ya mbele, au kondensa iliyoziba kwa uchafu.

3. Upepo ni wa moto muda wote? Fungua boneti, washa AC. Kwenye magari mengi utasikia "ta!" kompresa ikinasa. Kukiwa kimya, inaweza kuwa fyuzi, waya au gesi kidogo.

Kama ni gesi, fundi atafute kwanza panapovuja. Alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba ni dalili. Akishaziba, anyonye hewa na unyevu kwa pampu, ndipo ajaze aina iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Usipuuze, maana oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, kompresa inasagika, na kununua nyingine ndiyo gharama yenyewe.