Kitimoto: Mnyama Anayeliwa kwa Jina la Bandia

Nani asiyemjua? Pita Igoma jioni, ulizia "mdudu", utaonyeshwa kibanda bila mtu kukushangaa. Kitimoto, mdudu, mkuu wa meza: majina kibao, mnyama mmoja. Lakini hebu sema kwa sauti, "Nipimie nusu kilo ya nguruwe," uone shingo zitakavyogeuka!

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina kawaida ya kumficha mnyama. Waingereza ndio wenye mambo hayo. Tangu Wanormani walipowateka mwaka 1066, ng'ombe wao akiwa zizini ana jina la Kiingereza, akifika mezani anaitwa kwa neno lenye asili ya Kifaransa. Kwetu kuku ni kuku bandani, na ni kuku kwenye sahani. Sasa huyu mmoja kakosa nini?

Jibu ni ujirani. Tunaishi mtaa mmoja na Waislamu, Wasabato na wengine ambao mnyama huyu kwao ni mwiko. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa jijini Dar es Salaam, kwa hiyo si jambo la mzaha. Jina la kificho linapunguza makali. Tena linamsitiri anayekula kwa kujiiba. Wengi husema ndiyo maana ya kitimoto: umekaa kama umekalia makaa, macho mlangoni!

Sitara si vibaya, jamani. Taabu inaanza pale jina linapotusahaulisha maswali. Kwenye bucha la ng'ombe mtu hutafuta mhuri wa mkaguzi. Nani kati yenu amewahi kuulizia mhuri wa mdudu?

Na mdudu wa kweli yumo: tegu. Ukila nyama yenye vifuko vyake ambayo haijaiva, anakua tumboni mwako. Mayai yake hutoka na choo. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, yanaweza kumletea vifuko ubongoni, na kifafa juu yake. Nguruwe naye huyapata anapozurura na kula kinyesi.

Basi, washikaji, mwiteni mpendavyo. Ila kabla ya kunyunyizia pilipili, uliza: kachinjiwa wapi, kakaguliwa na nani, kaiva mpaka ndani? Mama mwenye nyumba unaweza kumzuga kwa lakabu. Tegu hazugiki.