Kabla hujalipia trekta, ijue GPS inayopima shamba lako

Vijana wengi hapa Songea wananiuliza: "Afisa, simu inasema shamba ni ekari 12, mwenye shamba anasema 10. Nani muongo?" Mara nyingi hakuna muongo. Ila wewe unayekodi shamba, unayelipia trekta na kununua pembejeo kwa ekari, lazima ujue namba hiyo inatoka wapi.

GPS ina sehemu kuu tatu:

1. Setilaiti angani. GPS ni mali ya Marekani. Setilaiti zake hazipungui 24, ziko juu kama kilomita 20,200, na kila moja huzunguka dunia mara mbili kwa siku. Ina saa ya atomiki, na muda wote inatangaza saa na mahali ilipo.

2. Vituo vya ardhini. Kikuu kiko Colorado. Vingine vimetawanyika duniani, kikiwemo cha Diego Garcia, Bahari ya Hindi. Kazi yao ni kufuatilia setilaiti na kurekebisha saa zake. Saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosea kama mita 300!

3. Kipokezi, yaani simu yako. Inasikiliza tu, haitumi kitu angani. Ndo maana inapima hata bando likiisha. Inahitaji kusikia setilaiti nne au zaidi. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi; chini ya miembe, zaidi.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Wengi wetu tunapima ekari kwa mita 70 kwa 70, yaani mita za mraba 4,900. Simu inahesabu ekari ya mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari 10 za mtaani ni ekari 12.1 za simu. Kama unaweka mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia kwa ekari, hiyo ni tofauti ya mifuko miwili.

Ninachowashauri:

- Kubalianeni ekari ipi kabla ya kutoa hela.
- Zunguka mpaka mara mbili, simama kidogo kila kona, linganisha majibu.
- Kieneo cha ekari moja kushuka chini, tumia futi kamba. Ukizidisha mita 3 kila upande, ekari imeongezeka karibu sehemu ya kumi.
- Mgogoro wa mpaka mwachie mpima ardhi, simu haitoshi.

Msimu mwema, wakulima wenzangu.