Vanila Tukuyu: Nguzo isitangulie kuoza

Vanila ni okidi inayotambaa, nayo huchanua baada ya miaka mitatu hivi. Kwa mvua za Tukuyu, nguzo ya mti mkavu yaweza kuoza kabla ya hapo, na gharama ikapotea. Mkulima apande kwanza mbono, ushike, ndipo aweke marando. Yale majani mororo kama zulia yaotayo juu ya magogo shambani (si ya msitu wa hifadhi wa Mlima Rungwe) ayafunge kwenye shina kwa kamba ya mgomba, yatunze unyevu wa mizizi inayoshikilia mti. Maeneo ya chini yenye joto yanafaa zaidi kuliko mjini. Ua huchavushwa kwa mkono, siku lilipofunguka. Bei iliyopaa mwaka 2003 iliporomoka 2004, hivyo chai na migomba ising'olewe.