Titanic: kwa nini wasikilizaji wetu hawakubaliani

Tulipouliza hewani ni mkanda gani wa zamani wa mapenzi ambao mpaka leo hujausahau, Titanic iliziacha nyingine mbali. Kilichotushangaza ni kwamba wasikilizaji wetu hawasimulii kitu kimoja. Mmoja anasema ni mkanda wa mapenzi, meli kuzama ni sehemu ndogo tu. Mwingine anasema mapenzi ni machache, mkanda mzima ni watu kufa majini. Mama mmoja wa Ramadhani, hapa Njombe mjini, anaukumbuka kama hadithi ya binti anayeuzwa na mama yake. Na kuna kijana wa Lyamkena, Makambako, aliyekuwa tayari kuweka dau kwamba yule bibi kizee hakutupa mkufu wowote baharini.

Hakuna anayedanganya hapo. Ni kwamba hawakuangalia mkanda uleule, na leo tunaeleza ilikuwaje.

Filamu hii ilitoka Marekani Desemba 1997, mwongozaji akiwa James Cameron. Leonardo DiCaprio ni Jack, kijana mchoraji asiye na kitu, aliyepata tiketi ya meli kwa kushinda karata. Kate Winslet ni Rose, binti wa miaka 17 aliyechumbiwa na tajiri asiyempenda, Cal. Machi 1998 ilichukua tuzo 11 za Oscar, na Septemba mwaka huo ikatoka kwenye mikanda ya video. Urefu wake ni saa 3 na dakika 14, na balaa letu linaanzia hapo.

Mkanda wa VHS uliozoeleka kwa kurekodia ulikuwa wa saa 3. Titanic haienei humo. Wenye filamu waliiuza kwenye kaseti mbili: ya kwanza imejaa mapenzi, ya pili imejaa maafa. Sasa fikiria kaseti hizo zinasafiri kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwetu, zinaazimwa, zinakodishwa, moja inabaki kwa shemeji wa mtu. Aliyeona ya kwanza tu ana haki ya kusema ni mkanda wa mapenzi. Aliyeona ya pili tu aliwakuta watu tayari wanakimbia. Waliorekodi zote kwenye mkanda mmoja wa saa 3 walijikuta mwisho umekatika, na mwishoni kabisa ndipo yule bibi, Rose akiwa mzee, anaudondosha mkufu baharini. Kijana wetu wa Lyamkena huenda dau lake aliliweka kwa nia njema kabisa.

Halafu kuna banda lenyewe. Watoto wa miaka ya karibuni wanaangalia kwenye simu, hawajui kibanda umiza: deki moja, televisheni moja, jenereta inanguruma nyuma, mabenchi ya mbao na watu wamebanana mpaka mlangoni. Kwa baridi ya Njombe kubanana huko wala hakukuwa mateso sana. Mwenye banda ndiye aliyeamua uone nini. Ikifika ile sehemu Jack anamchora Rose, wengine walipeleka mkanda mbele kwa sababu ya watoto na wazee waliokuwemo, wengine wakasimama mbele ya kioo. Ndiyo maana msikilizaji mmoja anaiita filamu ya heshima na mwingine anasema hawezi kukaa nayo sebuleni na baba mkwe.

Lakini kubwa kuliko yote ni mtafsiri. Wengi wetu hatukuielewa Titanic kwa Kiingereza. Tuliielewa kwa sauti ya Lufufu.

Lufufu, jina lake Derek Gaspar Mukandala, ndiye aliyejulikana kuliko wote Tanzania kwa kazi ya kutafsiri mikanda, na Titanic ni mojawapo ya alizozitafsiri. Kazi hiyo ilianza kwa kusimama bandani na kipaza sauti, baadaye sauti ikarekodiwa juu ya mkanda wenyewe, ikauzwa na kukodishwa. Tunaiita kutafsiri, ila mtafsiri hapangi neno kwa neno. Anapunguza sauti ya waigizaji, anakueleza huyu ni nani na anataka nini, anaweka utani, anaonya, anaongeza methali. Anakuambia steringi ni yupi na adui ni yupi kabla hujajiuliza. Wasemaji wawili wakizungumza kwa muda mrefu, anafupisha. Wakinyamaza, yeye anaendelea. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, mtindo ni huohuo.

Na kabla yao palikuwa na wengine. Mwaka 1935 hadi 1937 Baraza la Kimataifa la Wamisionari liliendesha mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika, makao yake Vugiri kule Usambara, na sinema hizo zilizungushwa kwa gari vijijini huku maelezo yakitolewa kwa lugha za watu. Kwa hiyo kuoneshwa picha na mtu akikusimulia pembeni ni jambo la zamani kwetu.

Mwenzangu mmoja wa redio hapendi watafsiri, anasema wanaharibu filamu. Mimi simuungi mkono. Ni kweli, ukimsikia mtu anakuongezea maneno ambayo Rose hakuyasema, umepata kitu tofauti na alichotengeneza Cameron. Ni kweli pia kwamba mikanda mingi ya namna hiyo iliuzwa bila idhini ya wenye kazi, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalikataza. Lakini bibi aliyekaa bandani na mjukuu wake akatoka analia kwa ajili ya Jack, alilia kwa kuelewa. Kiingereza kisingemliza.

Tafsiri ndiyo pia inayotufikisha kwa yule mama wa Ramadhani. Kwenye filamu mama yake Rose ni mjane mwenye madeni, na ndoa ya Cal ndiyo itakayolipa. Kwa mtazamaji wa Marekani hilo ni jambo la kupita tu. Kwa mtazamaji wa Njombe anayejua mahari inavyoweza kugeuka mnada, hicho ndicho kisa chenyewe, na meli ni adhabu. Wazee waliotuma ujumbe wanamtetea mama: binti amechumbiwa, vitu vimepokelewa, kijana wa karata anatoka wapi? Mabishano hayo tutayarudia kipindini, maana hayajaisha.

Sasa swali lililoulizwa kuliko yote: ni kweli ilitokea? Meli ni ya kweli. Ilitoka Southampton, Uingereza, kwenda New York, ikagonga mwamba wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 na kuzama alfajiri ya tarehe 15. Watu wapatao 1,500 walikufa. Kapteni Edward Smith ni wa kweli, na wanamuziki waliopiga mpaka mwisho ni wa kweli. Jack na Rose ni wa kutungwa. Na usione aibu kama uliamini: kule Halifax, Canada, kuna kaburi limeandikwa J. Dawson, na wapenzi wa filamu walilipelekea maua wakidhani ni Jack. Aliyelala pale ni Joseph Dawson, mfanyakazi wa sehemu ya makaa ya mawe melini.

Ilikuwa na mashua 20 za kuokolea zenye nafasi za watu 1,178, wakati abiria na mabaharia walizidi 2,200. Nyingine zilishushwa zikiwa hazijajaa. Wa daraja la tatu waliopona ni kama robo tu.

Wenzetu wa Ludewa wanaosafiri Ziwa Nyasa kutoka Manda na Lupingu ndio walioandika kwa uchungu zaidi kuhusu sehemu hiyo, na nadhani najua sababu. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya filamu hii kutoka, ikiwa imepakia kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa. Mkanda ulipofika, wengi hawakuwa wakiangalia meli ya Wazungu.

Kuhusu ule ubao aliopandia Rose, kwamba wangetosha wawili: kwenye filamu walijaribu, ukapinduka. Maji yalikuwa chini ya nyuzi sifuri, na mtu mzima humo nguvu zinamwishia haraka sana. Mwaka 2023 Cameron mwenyewe alionesha majaribio aliyofanya na watu wawili kwenye maji baridi, akakiri kwamba kwa kujipanga vizuri Jack pengine angepona. Mliokuwa mnabisha Makambako, wote mmepata nusu.

Ukitaka kuangalia tena, usimtume mtoto achukue yoyote kwenye memori kadi. Muulize anayekuwekea faili lina muda gani. Likiwa chini ya saa 3, kuna sehemu imekatwa, na huenda mkufu umo humo.