Queen's Park: Miaka 152 Bila Mshahara

Novemba 2019 wanachama wa Queen's Park, klabu kongwe kuliko zote Scotland, walipiga kura na kwa wingi mkubwa wakakubali kuanza kuwalipa wachezaji. Tangu iasisiwe jijini Glasgow tarehe 9 Julai 1867, klabu hiyo ilikuwa haijatoka kwenye soka la ridhaa, hata baada ya wapinzani wake wote kwenye ligi kuwa timu za kulipwa. Kaulimbiu yake ni kucheza kwa ajili ya kucheza, na ni rahisi kuuona uamuzi ule kuwa usaliti. Mimi siuoni hivyo. Historia yenyewe ya Queen's Park inaonyesha kwamba ukubwa wake haukutokana na kutolipa, na kwamba msimamo huo ndio uliokuja kuidhoofisha.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Scotland ilipokutana na England tarehe 30 Novemba 1872, katika mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi, nchi hiyo haikuwa hata na chama cha soka. Mwaliko ulitoka London, Queen's Park wakaupokea, kipa wao Robert Gardner akapanga kikosi, na wachezaji wote 11 wakatoka klabu hiyo moja. Hata jezi za buluu zilikuwa zao. Buluu ikabaki kuwa rangi ya taifa, na mwaka uliofuata klabu ikahamia kwenye mistari ya kulala, myeusi na myeupe, inayovaliwa hadi leo. England walikuwa na miili mizito zaidi, na soka lao lilikuwa la mtu mmoja kuuchukua mpira na kuukokota mpaka anyang'anywe, wenzake wakimfuata nyuma. Waskoti walijua hawawawezi kwa nguvu, wakaamua kugawana mpira kwa pasi. Watazamaji kama 4,000 waliondoka bila kuona bao. Kweli, huko England zilikuwapo timu, ile ya wanajeshi wahandisi mojawapo, zilizokwisha anza kupeana mpira, lakini Queen's Park ndio walioifanya pasi kuwa mfumo wa timu nzima na kuusambaza. Mwaka 1873 wakaitisha mkutano ulioanzisha Chama cha Soka cha Scotland, na kufikia 1893 walikuwa wamelitwaa Kombe la Scotland mara 10.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji mchezaji acheze bure. Walicheza bure kwa sababu waliweza. Waasisi na wachezaji wengi wa mwanzo walikuwa watu wa biashara na kazi za ofisini, ambao Jumamosi ya mpira haikuwakosesha chakula. Nahodha Andrew Watson ni mfano mzuri. Alizaliwa Demerara, Guyana ya leo, mama yake mweusi na baba yake Mskoti mwenye mali, na mwaka 1881 aliiongoza Scotland kuifunga England 6-1 jijini London, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza wa kimataifa. Watson alikuwa na urithi wa baba. Kijana wa mgodini au kiwandani mwenye kipaji kama chake angekatwa ujira kwa kila safari ya mbali. Klabu yenyewe ilishalionja hilo. Ilichangia gini moja kununua Kombe la FA, lakini mwaka 1872, baada ya kutoka sare na Wanderers katika nusu fainali London, ilijitoa mashindanoni kwa sababu haikumudu kurudi kwa mechi ya marudiano.

Kwa hiyo England iliporuhusu malipo mwaka 1885, vijana wa Scotland walivuka mpaka kwa wingi wakawafundishe Waingereza kupiga pasi, safari hii kwa mshahara. Ligi ya Scotland ilipoanzishwa mwaka 1890, Queen's Park waliikataa wakihofia kwamba italeta malipo. Malipo yakahalalishwa mwaka 1893. Walipoingia kwenye ligi mwaka 1900 walikuwa wamechelewa. Kombe lao la 1893 limebaki kuwa la mwisho, na tangu washuke daraja mwaka 1958 hawajarudi ligi kuu.

Hapa kuna hoja nzito ya upande wa pili. Renton, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi, walitoweka. Third Lanark, majirani wa Queen's Park na klabu ya kulipwa, walikufa mwaka 1967 kwa madeni na uongozi mbovu. Queen's Park wapo. Je, si ridhaa iliyowaokoa? Naamini kilichowaokoa ni Hampden Park, uwanja walioufungua mwaka 1903 na ambao ukawa nyumba ya timu ya taifa. Mwaka 1937 watu 149,415 walijaa humo kuiona Scotland ikicheza na England, na waliowavuta kwa sehemu kubwa ni wachezaji wa kulipwa. Mapato ya mechi za namna hiyo ndiyo yaliyoiwezesha klabu yenye uwanja kuendelea kukataa mishahara. Ridhaa yake ililishwa na soka la kulipwa.

Wengine husema ridhaa ililea vipaji. Ni kweli. Andy Robertson, aliyeachwa na Celtic kwa udogo wa mwili, alicheza Queen's Park msimu wa 2012–13 huku akifanya kazi za kawaida palepale Hampden, na mwaka 2019 akatwaa Ligi ya Mabingwa na Liverpool. Lakini alikaa msimu mmoja. Mchezaji wa ridhaa hana mkataba wa kumfunga, na klabu ilichoka kulea vijana ili wengine wavune. Hiyo ni sababu kubwa ya kura ya 2019. Mabadiliko hayo hayakuja bure, kwani katika kipindi hichohicho Hampden iliuzwa kwa Chama cha Soka kwa pauni milioni 5. Hata hivyo timu ilipanda madaraja mawili mfululizo, ikawa ya daraja la pili kufikia 2022, na Februari 2025 ikaitoa Rangers katika Kombe la Scotland kwa bao 1-0, ugenini Ibrox.